Damu na Asali Bila Hadithi

Filamu ya Winnie-the-Pooh: Blood and Honey ni mbovu, na gazeti hili halioni sababu ya kutafuta neno laini zaidi. Si sisi wa kwanza kulisema. Machi 2024 tuzo za Razzie, zinazotolewa Marekani kwa filamu zilizoboronga kuliko zote katika mwaka, ziliipa filamu hiyo tuzo tano, zikiwamo za filamu mbovu, uongozaji mbovu na skripti mbovu. Kesi imekwisha, mtu atasema. Singida inatafuta nini humo? Tunatafuta hati ya mashtaka iliyo sahihi. Wengi waliilaani filamu kwa kumchafua dubu wa watoto, wengine kwa damu iliyomwagika, wengine kwa uchache wa fedha zilizotumika kuitengeneza. Mashtaka hayo yote tunayafuta. Linabaki moja, nalo ndilo zito, na kijana yeyote wa hapa mwenye kamera na haraka anaweza kulitenda kesho asubuhi.

Tuanze na habari zake. Mwaka 1926 Mwingereza A. A. Milne alichapisha kitabu cha Winnie-the-Pooh, kikiwa na michoro ya E. H. Shepard. Wahusika wengi aliwatoa kwa wanasesere wa mwanawe, Christopher Robin, na mandhari akaitoa msitu wa Ashdown, kusini mwa Uingereza, karibu na nyumba yao ya shamba. Tarehe 1 Januari 2022 kitabu hicho kilitoka katika ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani kikawa mali ya umma. Muongozaji Rhys Frake-Waterfield hakupoteza muda. Alikwenda kupiga picha katika msitu huo huo wa Ashdown kwa siku 10, kwa bajeti iliyotajwa kuwa chini ya dola 100,000. Ilipoingia kwenye majumba ya sinema mwanzoni mwa 2023, ilikusanya zaidi ya dola milioni 5.

Kwa sheria, watu hawa walikuwa makini kupita kiasi. Fulana nyekundu ya Pooh ni ya katuni za Disney, wala haimo katika kitabu cha 1926, kwa hiyo Pooh wao alivishwa shati la mkata miti. Tigger hakuonekana kabisa, kwa kuwa alizaliwa katika kitabu cha 1928 na muda wake ulikuwa haujafika. Akangojewa hadi filamu ya pili, mwaka 2024. Kila tarehe ilihesabiwa, kila vazi likapimwa. Laiti skripti ingepewa nusu ya uangalifu huo!

Maana kisa chenyewe kilikuwa na mlango mzuri wa kuingilia. Christopher Robin anakua, anakwenda chuo, anawaacha msituni wanyama aliokuwa akiwalisha tangu utotoni. Wamesahau kujitafutia. Majira ya baridi yanaingia, chakula kinakwisha, na wale marafiki wanaketi kuamua nani aliwe. Anachaguliwa punda, Eeyore. Baada ya kumla wanaapa kutonena tena lugha ya binadamu na kumchukia kila mwenye miguu miwili. Haya yote yanapita kwa michoro katika dakika chache za mwanzo. Msomaji wa mkoa huu hahitaji kuelezwa uzito wake. Tunaishi kwa mvua ya msimu mmoja, milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na wazee wetu wanajua miaka ambayo ghala lilibaki vumbi na jirani akaanza kumwangalia jirani kwa jicho jingine. Njaa inayogeuza urafiki kuwa ulaji ni hofu ya kweli. Haihitaji shoka.

Na ilikuwapo nyingine, ya kweli zaidi, ambayo watengenezaji waliipita bila kuiona. Christopher Robin alikuwa mtu halisi, alizaliwa 1920. Umaarufu wa kitabu cha baba yake ulimfuata shuleni, wenzake wakamfanyia dhihaka, na alipoandika kumbukumbu zake mwaka 1974 uchungu ulikuwa haujakauka. Mtoto anayeliwa polepole na hadithi aliyotungiwa na baba yake mwenyewe: kama hapo hamna filamu ya kutisha, basi haimo popote.

Michoro ikikoma, hadithi nayo imekoma. Inabaki nyumba ya kupanga msituni, wasichana waliokuja kupumzika, na wanaume wawili wenye barakoa za mpira, moja ya dubu na moja ya nguruwe, wakiwaua mmoja baada ya mwingine. Midomo ya barakoa haichezi. Mmoja wa wasichana amepewa jeraha la zamani la kuandamwa na mwanamume, nasi tunangoja lifanye kazi, halifanyi. Mvue muuaji barakoa ya dubu, mvishe ya fisi, ya mbuzi au ya mwenyekiti wa kijiji, na hakuna hata sentensi moja ya skripti itakayohitaji kubadilishwa. Hicho ndicho kipimo tulichotumia, na filamu imeanguka. Jina la dubu lilitundikwa mlangoni kuitia watu ndani; humo ndani dubu hayumo.

Hata asali hawakuijua. Inamtiririka Pooh midomoni na kifuani muda wote, ikimfanya mtazamaji aone kinyaa tu. Hapa Singida, mkoa unaojulikana nchi nzima kwa asali yake, kuanzia misitu ya Manyoni hadi vichaka vya Itigi, mtu angeweza kuwaeleza kilichomo ndani ya kitu hicho. Mrina asali hupanda usiku, na moshi mkononi, kwenye mti asioweza kuona tawi lake linalofuata. Wahadzabe wa Mkalama humpigia mluzi mlembe, ndege anayewaongoza hadi kwenye mbuyu wenye nyuki, kisha hupigilia vigingi vya mti na kuukwea mbuyu huo mnene usio na pa kushika. Kimo, giza, mngurumo wa kundi lililochokozwa, na ndege anayejua njia kuliko wewe: mwenye akili angetengeneza filamu nzima bila tone moja la damu. Lakini hayo ni ya pembeni.

La msingi ni kwamba ujanja wa filamu hii unategemea mgeuzo mmoja, yaani kitu cha upole kugeuzwa cha ukatili. Dubu wa Milne hakuwahi kumtisha mtu. Anapotokea na nyundo, mshtuko unauza tiketi. Ngano zetu hazina upole huo wa kugeuzwa. Mtoto wa Kitanzania alilala akiwa amekwisha kusikia habari za zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma. Tuikumbuke vizuri, kwa sababu ni funzo la utunzi. Msichana anasahau simbi yake mtoni, wenzake wanakataa kurudi naye, anarudi peke yake. Zimwi linamkamata, linamfungia ngomani, linatembea naye kijiji hadi kijiji. Likipiga, msichana anaimba. Watu wanafurahi, wanalilisha. Siku moja linafika kwao. Wazazi wanakaa kusikiliza ngoma yenye sauti tamu, na sauti ni ya mwana wao.

Hakuna barakoa inayoweza kushinda dakika ile ya mama kuitambua sauti. Na kila tishio humo lina mzizi: alisahau, aliachwa na wenzake, alirudi peke yake, na kijiji kizima kilistarehe kwa mateso ya mtu bila kujua. Mtengenezaji atakayechukua zimwi akaiacha ngoma atakuwa amefanya kile kile alichofanya Frake-Waterfield. Meno na makucha atayapata kwa fundi wa vipodozi. Ngoma haiuzwi dukani.

Tunayasema haya tukijua kwamba filamu za kutisha si ngeni nchini. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka, kisha Shumileta, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuwa na kamera za video na soko la kanda za VHS, basi. Picha zilikuwa na chenga, sauti ilikwaruza, na vichekesho viliingia mahali ambapo hatukuombwa kucheka. Hata hivyo watu walinunua, kwa kuwa jini wa kike anayetoka baharini kumpenda mwanadamu alikuwa tayari amekaa vichwani mwa watazamaji kabla ya kamera kuwashwa. Banzi aliwakuta na hofu yao, akaifanyia kazi. Tofauti hiyo haipimwi kwa dola.

Wapo watakaosema mali ya umma ya Wazungu ni yao, sisi hatuna. Wakasome sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962. Fanya hesabu: miaka 50 ilitimia 2012. Katika kabati la vitabu ambavyo vizazi vya Watanzania vilivisoma shuleni kimo Adili na Nduguze, na ndani yake kuna liwali mwema ambaye kila usiku huwachapa viboko manyani wawili, huku moyo ukimuuma, kwa sababu manyani hao ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa na jini kwa uovu wao, na asipowachapa ataadhibiwa yeye. Kila usiku! Mwanamume, mjeledi, na nduguye asiyeweza kusema. Inahitaji chumba kimoja, taa moja na waigizaji wachache. Tangu 2013 kijana wa Kitanzania angeweza kuifungua milango hiyo kwa amani ya sheria, na tunaye anayelalamika kwamba hana skripti.

Ngano nazo hazikuachwa barabarani. Sheria hiyo hiyo inazitambua, inaweka utaratibu wa idhini kupitia Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) pale zinapotumiwa kwa biashara nje ya mazingira yake ya jadi, na inataka jamii zilikotoka zitajwe. Mtunzi anayeazima ngano ili kutunga kazi yake mpya hazuiwi. Anayestahili kuulizwa ni yule anayeinakili ngano ya Wanyiramba neno kwa neno, akaipiga muhuri wa kampuni yake, kisha akamtishia mahakamani bibi anayeisimulia.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mtu akitamka «filamu ya kutisha ya Singida», kisa kinachotangulia vyote ni cha simba-watu. Kati ya 1946 na 1948 watu wengi waliuawa katika vijiji vya Wanyaturu, maiti zikakutwa na majeraha yaliyofanana na ya makucha. Serikali ya mkoloni ilifikia kuamini kwamba nyuma ya vifo hivyo walikuwamo binadamu waliovishwa ngozi za simba na kutumwa kuua. Watu wakakamatwa, kesi zikaendeshwa. A. W. Wyatt aliandika habari hizo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, na mwaka 1962 Harold Schneider, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu, akazipitia upya katika jarida hilo hilo. Hapakuwa na maafikiano mepesi, wala hayapo leo. Matukio hayo yalishuka kwa wajukuu kwa njia ya masimulizi ya kuota moto, na mahali pengi yamekuwa kisa cha kuwaingiza watoto ndani jua likizama.

Kwa hiyo hapa tunacho kile hasa ambacho mtindo wa Blood and Honey unakihitaji: kisa cha kutishia watoto, kisicho na mwenye hakimiliki, chenye jina linalouza. Tunaiona filamu hiyo mbovu kabla haijatengenezwa. Wasichana kutoka Dar es Salaam wamepanga nyumba kando ya Ziwa Singidani. Kijana amevaa kichwa cha simba cha mpira. Na nyuma yake, kwenye kibanda chenye moshi, kikongwe mwenye macho mekundu anakoroga dawa na kucheka.

Huyo kikongwe ndiye mpaka wetu. Kumgeuza dubu wa Milne kuwa muuaji hakumdhuru dubu yeyote. Katika nchi hii akina bibi wameuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa miaka ya kupikia kuni na samadi katika nyumba zisizo na dirisha. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za ukoo huo huo. Filamu itakayomwonyesha kikongwe kuwa ndiye mtengeneza simba, bila swali, bila shaka, bila hata kumpa jina, itakuwa imetoa ushahidi wa uongo dhidi ya mtu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwenye kibanda cha video. Mtengenezaji hataweza kujitetea kwamba ilikuwa burudani. Watazamaji wake watarudi nyumbani usiku huo wakipita mlangoni kwa bibi.

Je, tunataka kisa hiki kifungiwe? Hapana, hata kidogo. Tunataka kitengenezwe na mtu aliyekaa nacho. Hofu yake halisi haimo kwenye ngozi ya simba. Imo katika kutojua: mwili umekutwa mtamani, na kila aliyesimama kuuzunguka ana maelezo yake. Mama anasema simba. Shemeji anataja jirani waliyegombana naye mpaka wa shamba. Mtumishi wa serikali, jasho likimtoka, anatafuta jina la kuandika kwenye jalada, kwa maana bosi wake anataka jina. Kisha mtu anasimamishwa kizimbani. Mtu huyo atathibitishaje kwamba usiku ule hakuwa simba? Filamu itakayolishika swali hilo kwa dakika 90 itawatoa watu jasho kutoka Kiomboi hadi Toronto, na haitahitaji kichwa cha mpira.

Utetezi wa umaskini tunausikia kila mara, na kwa sehemu tunauheshimu. Vifaa ni ghali, wasambazaji wananyonya, na msanii wa mkoani husafiri kutwa kwenda Dar es Salaam kuomba kusikilizwa. Lakini utetezi huo haumsaidii mshtakiwa wetu. Dola 100,000 kwa thamani ya 2023 zilizidi shilingi milioni 200, fedha ambazo watengenezaji wengi wa Bongo Movie hawajawahi kuziona mahali pamoja. The Blair Witch Project ya 1999 ilipigwa kwa siku 8, kwa gharama ya awali ndogo kuliko hiyo, na katika filamu nzima mchawi haonekani. Wanaonekana vijana watatu waliopotea, miti, na vijiti vilivyofungwa kwa kamba. Watu wakaondoka ukumbini wakiogopa miti. Kwa upande mwingine, Neil Jordan mwaka 1984, katika The Company of Wolves, aliichukua hadithi ya yule binti wa kofia nyekundu na mbwamwitu, akaifanya ya kutisha kwa kuiamini zaidi kuliko wasimulizi wa shule za awali walivyoiamini. Maskini na tajiri wote wawili walianza na kuisoma hadithi hadi mwisho.

Tumebakiza watoto, maana nao wameguswa na kesi hii, ingawa si kwa namna wanayodhani wanaotaka kulinda heshima ya dubu. Oktoba 2023, huko Miami, Marekani, mwalimu aliwawekea wanafunzi wa darasa la nne filamu hii, na ikaenda dakika kadhaa kabla ya kuzimwa. Jina na sura ya dubu vilitosha kumpitisha muuaji mlangoni. Kama imetokea katika nchi yenye skrini ya onyo kila kona, tusijidanganye kuhusu hapa. Sura ya Pooh iko kwenye kuta za chekechea zetu na kwenye blanketi za mitumba. Filamu za nje hufika kwenye flashi, hazijapita popote, na huoneshwa kwenye vibanda umiza ambako benchi la mbele, Jumamosi mchana, ni la watoto wenye shilingi mia mbili mkononi. Daraja za umri zinazotolewa na Bodi ya Filamu ni kazi nzuri inayoishia kwenye karatasi. Mwenye kibanda hajawahi kuiona karatasi hiyo, na anayetafsiri kwa sauti juu ya picha hana kifungu cha kuwaambia wadogo watoke.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Filamu ya Frake-Waterfield imepatikana na hatia ya kuchukua jina la hadithi na kuitupa hadithi yenyewe, na haistahili muda wa mtu mzima mwenye kazi. Mtengenezaji wa Singida atakayefuata nyayo zake kwa kutumia simba-watu tutamwandika kwa jina, na hatutajali ametumia shilingi ngapi. BASATA na Bodi ya Filamu wanapaswa kuwafikia vijana wa mikoani na kuwaeleza ni vitabu gani vimefunguka na ngano zinaazimwaje, badala ya kungoja filamu ikamilike ndipo waifungie. Na maofisa utamaduni wa halmashauri za mkoa huu waingie vibandani likizo hii, saa za mchana, waone nani ameketi benchi la mbele. Mwenye kibanda anayepokea kiingilio cha mtoto kwa filamu ya wakubwa afungiwe siku hiyo hiyo.